Msimbo wa AI ukikosea, nani anajibu?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua hii ni ndefu kidogo lakini jambo lenyewe limenikaa rohoni muda mrefu na kila nikisoma watu wanavyolijadili naona tunazunguka pembeni tu.

Siku hizi haipiti wiki bila mtu kuandika kwamba makampuni makubwa yamelala, yamechelewa, yanaogopa zana za akili mnemba (AI) za kuandika programu wakati vijana watatu wenye laptopu wanajenga mfumo mzima kwa siku chache. Alafu anakuja mwingine anasema hapana, hizi zana zipigwe marufuku kabla hazijatuunguza. Mimi naandika programu mwaka wa 17 sasa, karibu yote nimeimaliza ndani ya makampuni makubwa, yale ya wafanyakazi maelfu ambako mifumo mingine imeandikwa kabla sijaanza shule, na naona wote wawili wamekosa kiini. Kampuni kubwa haizikatai hizi zana kwa sababu haiiamini mashine. Inazikataa kwa sababu anayekuja kuziuza, na mara nyingi hata sisi wenyewe mafundi tunaozitaka, tunakuja na habari ya kasi tu, na hatuna jibu la swali ambalo mwenye kampuni analala nalo: ikiharibika, nani anajibu? Na jibu analotaka ni jina la mtu, sio jina la bidhaa.

Kwanza tuelewe kwa nini wana hofu, manake sio ushamba. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa inanunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilikuwa na seva 8 za kupeleka apdeti mpya, 7 zikapata, moja ikasahaulika, na ile moja ikaamsha msimbo (maandishi ya programu) wa zamani ambao ulikuwa hautumiki tena miaka mingi. Dakika kama 45 tu, hasara zaidi ya dola milioni 400, na kampuni haikusimama tena kwa miguu yake. Juzi juzi tena, tarehe 19 Julai 2024, faili moja bovu la apdeti kutoka CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa milioni 8.5 duniani, ndege zikabaki chini, hospitali zikaahirisha kazi. Hakuna AI hapo, ni binadamu watupu na haraka zao. Ndo maana kwenye kampuni kubwa kila mabadiliko yana fomu, yana mkaguzi, yana mtu wa kusaini, yana muda wa kupelekwa na njia ya kurudisha nyuma. Mtu wa nje anaona urasimu, lakini kila hatua pale iliwekwa baada ya mtu kuumia. Sasa unapokuja na zana inayoandika mistari elfu kwa dakika tano alafu unashangaa kwa nini hawakupokei kwa shangwe, ni kwamba hujaangalia hizo fomu zimetoka wapi.

Nisimulie lililonikuta mwenyewe, kampuni siitaji. Tulikuwa na kipande cha zamani kinachopiga hesabu ya makato ya wateja kwa siku, kimeandikwa na watu walioshastaafu, hakuna aliyetaka kukigusa. Tulikuwa na kijana mmoja hodari sana kwenye timu, akapewa akiandike upya, na akatumia zana ya AI kwa ruhusa, hatukuwa na katazo wakati ule. Mchana mmoja kazi imeisha! Msimbo safi, majina yanaeleweka, na juu yake testi (programu ndogo za kuhakiki msimbo) zaidi ya 40, zote kijani, yaani zimefaulu. Mimi ndo nilikuwa mkaguzi. Nikasoma, nikaridhika, kwa kweli ulikuwa msafi kuliko tunaoandika sisi, nikapitisha.

Wiki ya tatu akaja mhasibu, mama mmoja aliyekaa pale miaka mingi kuliko wote, ameshika karatasi amezipigia mistari kwa kalamu. Akasema hawa wateja waliojiunga siku ya mwisho ya mwezi makato yao hayakai sawa, kuna siku moja inapotea au inazidi. Tukachimba. Kumbe zana ilikuwa inahesabu siku kwa saa za kimataifa, wakati kanuni yetu ya biashara siku zote ilikuwa ni siku ya pale alipo mteja, kwa hiyo mtu aliyejiandikisha usiku alikuwa anasukumwa tarehe nyingine. Kanuni hiyo haikuandikwa popote, ilikuwa kwenye vichwa vya watu wawili na ndani ya ule msimbo wa zamani uliojificha vibaya. Na zile testi 40 hazikushika kitu kwa sababu aliyeandika testi ni zana ileile iliyoandika msimbo, kwa hiyo alichokosea huku alikikosea na kule, ni sawa na mwanafunzi kujitungia mtihani na kujisahihishia.

Ila kilichonibakia sio hitilafu, hitilafu nimeziona nyingi. Mama mhasibu alimuuliza yule kijana taratibu tu, bila ukali, nani aliamua siku ianze saa hiyo? Kijana akajibu kwa ukweli kabisa, "Mama, mimi sikuamua, ilikuja hivyo." Akamwambia, "Mwanangu, kwenye hela ya mtu lazima yupo aliyeamua." Nikajisikia vibaya kuliko kijana, manake sahihi iliyopo pale ilikuwa ya kwangu na mimi pia sikuwa nimeamua, nilikuwa nimesoma tu nikaona panapendeza.

Baada ya hapo wakubwa wakapiga marufuku zana zote za AI, mwaka mzima. Na hapa ndo nina uchungu, kwa sababu somo halikuwa hilo. Msimbo ule ungeweza kuandikwa na mgeni yeyote mwenye akili nzuri na akakosea vilevile, tulichokosa ni utaratibu wa kumfanya mtu mmoja aseme mimi nimeielewa hii na naisimamia. Marufuku haikuleta huo utaratibu. Kilichotokea ni watu kuanza kutumia kwa siri, unaona mtu anapiga picha skrini kwa simu yake alafu anauliza AI kwenye akaunti yake binafsi ya bure, anarudi anaandika jibu kwa mkono kama limetoka kichwani kwake. Yaani tukawa tumehama kutoka zana tunayoijua yenye mkataba kwenda zana tusiyoijua isiyo na mkataba, na kwenye ukaguzi hakuna anayesema ukweli kipande gani kimetoka wapi. Wasiwasi wa siri kuvuja ni wa kweli, Samsung mwaka 2023 ilizuia hizi zana baada ya mainjinia wake kubandika msimbo wa ndani kwenye ChatGPT, na sio wao peke yao waliofunga mlango mwaka ule. Lakini aliyebandika hakuwa na nia mbaya, alikuwa na kazi ya kumaliza. Ukimpa njia halali iliyo salama ataitumia hiyo, ukimnyima atatafuta nyingine, na wewe hutaijua.

Kwa hiyo mkataba ni jambo la kwanza na kwa bahati nzuri ndo jepesi kuliko yote, wanasheria wanalijua. Unauliza: msimbo wetu mnautunza muda gani? Mnautumia kufundishia modeli zenu, yaani injini za AI zenyewe, au la? Unapita kwenye seva za nchi gani, nani ndani ya kampuni yenu anaweza kuuona? Bidhaa za makampuni kwa kawaida zina masharti tofauti kabisa na zile za bure za mtu mmoja mmoja, na watu wengi wanaopiga marufuku hawajawahi kusoma hayo masharti. Vilevile suala la hakimiliki, Novemba 2022 ilifunguliwa kesi Marekani dhidi ya GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo), Microsoft na OpenAI (waliotengeneza ChatGPT) kuhusu msimbo wa watu uliotumika kufundishia, na Septemba 2023 Microsoft ikatangaza kwamba mteja wake wa kulipia akishtakiwa kwa hakimiliki kutokana na kilichoandikwa na Copilot, zana yao ya AI, wao watamtetea na kulipa, alimradi ametumia vizuizi walivyoviweka. Angalia hapo kilichofanyika. Muuzaji alisema nikikosea najibu mimi. Hakusema zana yangu ni ya kasi. Kwa macho yangu tamko lile liliwatuliza wanasheria wa makampuni kuliko maonyesho yote ya jukwaani.

Lakini hiyo ni sheria tu. Ubora wa msimbo wenyewe hakuna muuzaji atakayekusainia, na hapa takwimu zinatakiwa zisomwe kwa utulivu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliijaribu Copilot kwenye mazingira 89 yanayogusa usalama, wakapata programu 1,689, na kama asilimia 40 zilikuwa na udhaifu ambao mdukuzi angeweza kuutumia. Zana zimebadilika sana tangu wakati huo, sisemi namba ni ileile leo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni utafiti wa Stanford wa mwaka uliofuata, waliotumia msaidizi wa AI waliandika msimbo wenye usalama mdogo zaidi na wakati huohuo waliamini zaidi kwamba msimbo wao uko salama. Hiyo ya pili ndo hatari, kukosea huku umetulia. Kuna utafiti mwingine wa modeli 16 na sampuli 576,000 za msimbo, ukaonyesha kwamba modeli huwa zinataja pakeji (vipande vya msimbo vilivyotayarishwa na watu wengine) ambazo hazipo duniani, kwa modeli za kibiashara zaidi kidogo ya asilimia 5 na kwa zile za chanzo huria (zilizo wazi kwa yeyote) karibu asilimia 22. Mtu mbaya anachofanya ni kusubiri jina linalobuniwa mara kwa mara, analisajili yeye, anaweka sumu ndani, na siku programu yako ikilivuta umemkaribisha ndani kwa mkono wako. Dawa yake sio kuacha AI, ni kwamba kampuni iwe na orodha yake ya pakeji zilizokubaliwa na mashine ya kujenga programu ikatae kingine chochote, kitu ambacho tulitakiwa tuwe nacho hata kabla.

Sasa kasi. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo neno linalouza na ndo neno linalopotosha. Upo utafiti mkubwa uliofanyika ndani ya Microsoft, Accenture na kampuni nyingine kubwa moja, wanaprogramu karibu 4,900, waliopewa zana wakawa wanakamilisha kazi kama asilimia 26 zaidi, na wenye uzoefu mdogo ndo walionufaika zaidi. Vizuri. Alafu mwaka 2025 shirika la utafiti wa AI la METR likachukua wanaprogramu wazoefu 16 wakiwa kwenye miradi yao wenyewe wanayoijua kwa miaka, kazi 246, na wakitumia AI walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Kabla ya kuanza walikadiria wataokoa asilimia 24 ya muda. Walipomaliza, na walishachelewa tayari, bado waliamini wameokoa asilimia 20.

Msomaji asome hiyo mara mbili. Watu hodari, kazi ya mikono yao, na hisia zao zilikuwa upande wa pili kabisa wa saa. Kwa hiyo meneja anayezunguka ofisini anauliza jamani mnaionaje zana, mnaipenda, alafu anaandika ripoti kwa wakubwa kwamba tija imepanda, anaripoti hisia. Na yule anayehesabu mistari iliyoandikwa na AI naye hapimi kitu. Oktoba 2024 Sundar Pichai, mkuu wa Google, alisema zaidi ya robo ya msimbo mpya Google unazalishwa na AI, na magazeti yote yakabeba hiyo robo, ila sentensi yake ilikuwa na kipande cha pili, kwamba alafu mainjinia wanaukagua na kuukubali. Kipande hicho ndo kazi yenyewe. Ripoti ya DORA ya mwaka 2024, uchunguzi wa namna timu za programu zinavyofanya kazi, ambayo inatoka Google hukohuko, ilikuta kwamba matumizi ya AI yakiongezeka kwa asilimia 25 uthabiti wa kupeleka mabadiliko kwa wateja unashuka kwa makadirio ya asilimia 7.2, na maelezo yao yanaingia akilini: ukiandika haraka unapeleka mafurushi makubwa kwa mpigo, na furushi kubwa halikaguliki.

Ukitaka kujua zana inakusaidia hesabu vitu vinavyomgusa mwenye kampuni. Mabadiliko yanachukua siku ngapi kutoka kuombwa hadi kumfikia mteja, mangapi yalirudishwa nyuma, mangapi yaliamsha watu usiku, mkaguzi anatumia saa ngapi. Hesabu miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada, kwenye timu mbili zinazofanana. Sio kazi ya kupendeza na haina picha nzuri ya kuweka kwenye mkutano, lakini mkuu wa fedha akiiona anaielewa bila mtu kumtafsiria.

Kuna wanaosema mbona hata kompaila (programu zinazogeuza msimbo wa mtu kuwa lugha ya mashine) zilikataliwa mwanzo, leo nani anaandika lugha ya mashine kwa mkono? Ni kweli. Miaka ya 1950 waandishi wa programu wengi hawakuamini kwamba mashine inaweza kutoa msimbo mzuri kama wa mtu, na timu ya John Backus pale IBM ilijua hilo, ndo maana walipotoa lugha ya programu ya FORTRAN na kompaila yake mwaka 1957 walikuwa wametumia nguvu nyingi sana kuhakikisha programu inayotoka inakimbia karibu sawa na ya mkono. Mfano huo naukubali nusu. Kompaila ukiipa kitu kilekile itakupa jibu lilelile kesho na keshokutwa, ukikuta kosa unalirekebisha mara moja limekwisha kwa wote. AI ukiiuliza swali lilelile mara mbili inaweza kukupa majibu mawili, yote mazuri kwa macho, moja lina kasoro. Kwa hiyo huwezi kuiamini kwa njia ile tunayoamini kompaila, ambayo tumeshasahau hata kwamba ipo. Inabidi uiamini kama unavyomwamini mtu mpya kazini, kwa kazi uliyoiona kwa macho, na hata akizoeleka bado hapewi funguo zote.

Na kwenye funguo nisisitize, kwa sababu zana za sasa hazipendekezi tu mistari, zina mawakala wanaofungua mafaili wenyewe, wanaendesha amri wenyewe. Julai 2025 wakala wa Replit, kampuni ya zana za kuandika programu, alifuta databesi hai ya mtumiaji wakati alishaambiwa asibadilishe kitu, na akadai data haiwezi kurudi wakati iliweza. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani na wakatangaza kutenganisha databesi ya majaribio na ile ya kazi. Sasa jiulize, kijana wa wiki ya kwanza angepewa uwezo wa kufuta databesi ya wateja? Hapewi kamwe. Basi na wakala asipewe. Akae kwenye mazingira yake yaliyofungwa, bila nywila za mfumo hai, na kila amri yake iandikwe kwenye kumbukumbu. Tena kumwambia "usifanye" kwa maneno sio kinga, kinga ni mlango ambao hana ufunguo wake. Hilo linahusu pia maagizo yaliyofichwa, mtu anaweza kuandika maneno ndani ya ukurasa wa intaneti au ndani ya ripoti ya hitilafu yanayomwelekeza wakala atume siri nje, na wakala akisoma anaweza kuyachukulia kama agizo la bosi wake. Mpaka leo hakuna dawa kamili ya tatizo hilo, kwa hiyo unachoweza ni kupunguza alichonacho mkononi.

Wapi pa kuanzia? Wengi wanaanzia kwenye kitu cha kung'aa, mfumo mpya wa wateja, ili kionekane. Mimi naona uanzie pale kazi inapochosha na kosa linaonekana haraka: kuhamisha programu kutoka toleo la zamani la lugha kwenda jipya, kuandika maelezo ya msimbo usio na maelezo, kumsaidia mtu mpya kuelewa mfumo wa miaka 30 ambao walioujenga hawapo. Hii ya mwisho ni hazina hasa kwa makampuni makubwa, kuna mifumo ya COBOL, lugha ya programu ya zamani, bado inabeba hela za watu kila siku na wanaoielewa wanazidi kupungua. Zana ikisoma mistari laki moja ikakwambia kanuni hii ya makato naona iko hapa na hapa, hata ikikosea kidogo imekuokoa wiki, na hakuna kilichoharibika kwa sababu hujabadilisha kitu, umesoma tu. Watu wakizoea hivyo wanajua tabia zake, inakosea wapi, ikijiamini kupita kiasi inasikikaje. Ndo wanapata kipimo.

Na wanaotakiwa waongoze hilo ni wazee wa kazi, wale wale wanaoitwa wapinzani. Inaniuma namna watu wazima wenye uzoefu wanavyosukumwa pembeni kwenye haya mambo kwa sababu wanauliza maswali mengi. Kwenye uchunguzi wa Stack Overflow, tovuti ya wanaprogramu, wa mwaka 2025 asilimia 84 ya wanaprogramu walisema wanatumia au wanapanga kutumia zana za AI, lakini wasioamini usahihi wa majibu yake ni asilimia 46 na wanaoamini ni 33. Yaani watu wanazitumia na hawaziamini, na hiyo mimi naiona ni afya, fundi mzuri anatumia msumeno kila siku na bado anauogopa. Aliye kinyume ndo wa kumwangalia, anayeuamini bila kuutumia, na kwa bahati mbaya mara nyingi ndo mwenye bajeti.

Kuhusu vijana. Nimesema utafiti unaonyesha wenye uzoefu mdogo ndo wanaongeza kazi zaidi, na hapo kuna mtego ambao makampuni makubwa yanautazama kama faida tupu. Mimi nilijifunza kukagua kwa kuandika vibaya miaka mingi na kusahihishwa na watu wenye subira. Yule kijana wetu wa makato hakuwa mvivu, hakuwahi kupewa nafasi ya kuumia na tarehe na saa, kwa hiyo jicho lake halikusimama pale. Ukiondoa sehemu yote ya kuandika ukamwachia kukagua tu, unamtaka akague kitu ambacho hajawahi kukifanya. Sina suluhisho zima. Tunachofanya kwenye timu yangu ni kwamba kabla ya mtu kupitisha kipande kilichoandikwa na zana anakaa na mwenzake anakieleza kwa mdomo, mstari kwa mstari pale penye uamuzi, na akifika mahali akasema "ilikuja hivyo" kipande kinarudi. Inachukua muda, ndiyo. Meneja mmoja alinilalamikia kwamba tunakula ile kasi tuliyoipata. Nilimwambia tunakula sehemu, na sehemu iliyobaki ni yetu kweli.

Yale marufuku yaliisha, nisisahau kusema. Tulirudisha zana kwa masharti matatu tu tuliyoyaandika kwenye karatasi moja: kila badiliko lina jina la mtu mmoja anayeweza kulieleza, anayeandika testi sio yule aliyeandika msimbo awe mtu au mashine, na kanuni za biashara zinaandikwa na wenye biashara kabla zana haijaguswa. Hilo la tatu lilikuwa gumu kuliko yote, hakuna idara inayopenda kukaa chini kuandika inachokijua. Wa kwanza kukubali alikuwa yule yule mama mhasibu. Alichukua siku mbili, akatuletea mifano 60 kwa mwandiko wake, mteja aliyejiunga usiku wa mwisho wa mwezi, aliyefunga akaunti na kufungua siku hiyohiyo, aliyehama nchi katikati ya mwezi, na kila mmoja pembeni ameandika makato sahihi ni kiasi gani na kwa nini. Tukaigeuza kuwa testi. Zana ikaandika kile kipande upya, mara ya kwanza ikaanguka kwenye mifano 9, ya pili ikaanguka kwenye 2, na ile 2 ilibidi kijana aiandike mwenyewe kwa mkono. Kinafanya kazi mpaka leo, na jina lililoandikwa pale juu ni la yule kijana.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwandishi wa programu